Bado Nipo: Safari ya Romanus Ndunguru na Lori Lake

Baba Paroko, ndugu mlioshuka kutoka Tingi, wenyeji wetu wa hapa Mbamba Bay, na ninyi madereva mlioegesha magari kuanzia njia panda mpaka mlangoni kwetu, familia inawasalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Tumepewa nafasi ya kusoma maisha ya mpendwa wetu, na tutayasoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mlituomba jana tuyaruke, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kurukwa wala wa kuruka kitu.

Marehemu Romanus Edmund Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Tingi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Edmund Ndunguru na mama Gertruda Kapinga, wakulima wa kahawa na mahindi, na tangu utotoni alijulikana kwa ubishi, hata mama yake akawa anasema kwamba mtoto huyu akikubali jambo, anakubali kwa kubisha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akafaulu hesabu na kugombana na walimu, kisha Januari 1974 akapokelewa kwenye karakana ya misheni moja upande wa Mbinga, ambako alijifunza ufundi wa magari makubwa kwa miaka mitatu. Mwaka 1977 alianza kazi ya utingo kwenye malori ya kubeba kahawa, akapata leseni ya udereva Songea mwaka 1981, na tangu hapo hakushika tena jembe isipokuwa mkewe alipomlazimisha.

Mke huyo ni mama yetu Scholastica Haule, binti wa hapa ufukweni, aliyefunga naye ndoa tarehe 21 Julai 1984, wakajaliwa watoto watatu, Kalista, Jerome na Beata. Watu wa mlimani walinung'unika kwamba amekwenda kuoa kwa watu wanaokula usipa, vile vidagaa vya ziwani, naye akajibu kwa kuhamia kabisa huku chini, akajenga nyumba hii mliyokaa uani kwake, na akala usipa mpaka mwisho.

Mwaka 1996 alilipata lori lake, likiwa limetelekezwa uwanjani kwa miaka mingi na kuku wakitagia kwenye injini, akalifufua kwa mikono yake, na juu ya kioo cha mbele akaandika kwa rangi nyekundu, BADO NIPO. Ndugu walicheka, naye akasema kwamba lori halina masikio, wacheke tu.

Sasa tunafika kwenye lile tuliloombwa tuliruke. Tarehe 26 Desemba 1998 marehemu aliwapakia ndugu kwenda Tingi kwenye harusi ya mdogo wake Jastini, rejeta ikawa inavuja, naye akafanya kile ambacho madereva wengi wa njia hii walikuwa wakifanya, akatia humo konzi ya unga wa mahindi ili uzibe tundu. Unga uliziba tundu kweli, ukaziba na kila kitu kingine, na katikati ya mlima injini ikachemsha huku rejeta imejaa uji. Nyuma watu walipiga kelele kwamba bibi harusi anangoja, na aliyepiga kelele kuliko wote ni kaka yake, mzee wetu Meinrad, aliyeketi hapa mbele na ambaye tunamheshimu, basi marehemu kwa hasira akafungua mfuniko wa rejeta kabla maji hayajapoa. Mvuke ule ndio uliomwachia kovu la shavuni na mkononi mnalolijua wote.

Ukoo uliamua siku ile kwamba lori lina mkosi na liuzwe chuma chakavu. Marehemu alikataa akiwa bado kafungwa bandeji, akasema lori halijamkosea mtu, aliyekosea ni yeye aliyelilisha uji kama mgonjwa. Tangu hapo akajiwekea utaratibu wake, kila kiangazi aliifungua rejeta na kuiosha, alikagua mipira ya maji na mkanda wa feni kila alfajiri, na hakutia maji mengine isipokuwa ya mvua, aliyoyakinga kwenye pipa la bluu pale pembeni ya jiko, akisema maji ya kisima yanaacha chokaa na ya mtoni yana matope. Pipa hilo lilileta ugomvi mwingi humu ndani, maana hata kiangazi kilipokaza hakuna aliyeruhusiwa kuoga maji yake wala kuoshea sufuria, na mama anakiri kwamba aliyaiba mara nyingi. Tena kila alipopanda alisimama katikati ya mlima, akainua boneti na kukaa kwenye jiwe mpaka injini ipoe, mwenye haraka ashuke atembee.

Kuanzia mwaka 2014 alibeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, ambako vijana wenye malori mapya walimpita wakipiga honi na kumwita Mzee wa Kupoza. Mwaka 2017 msimamizi wake alimwamuru apande bila kusimama au aache kazi, akaacha kazi, akarudi kubeba kahawa, mahindi na usipa, na tangu siku ile ya harusi lori lile halijachemsha tena mpaka leo.

Februari 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa Mbinga na kuambiwa moyo wake umetanuka, akakatazwa kuendesha. Hilo lilimuuma, alilia, na hatuoni aibu kulisema. Akamkabidhi usukani mwanaye Kalista, akawa anakaa kiti cha pembeni na kubisha kila gia, na alipozidiwa alimwomba jambo moja tu, kwamba akifa apandishwe Tingi kwa wazazi wake na lori lile, si gari jingine. Alifariki hapa nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka 67.

Tangu siku hiyo wazee wa ukoo wamesema kwamba ni aibu mtu mzima kupakiwa kwenye gari la makaa, tena likiendeshwa na binti yake, wakaleta gari jeupe zuri kutoka Songea, wakauliza je, lori likichemsha mlimani na maiti ndani, watu watasemaje. Familia imesikia, na inajibu mbele ya wote kwamba gari jeupe litambeba mzee Meinrad, ambaye magoti yanamsumbua, na Romanus atapanda na lori lake.

Kwa hiyo tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbinga, Baba Paroko na wanajumuiya, majirani mliokesha nasi, na madereva wenzake, hata mliomwita Mzee wa Kupoza, kwa maana tumewaona mkiliosha lori jana. Akina mama wa jikoni tunawashukuru kwa namna ya pekee, na tunawaomba radhi, kwani mlipokosa maji ya kuoshea vyombo mama Scholastica alilikalia pipa la bluu akakataa katakata, mkadhani ni majonzi. Yalikuwa yamebaki maji ya mvua kidogo sana, na asubuhi ya leo Kalista ameyamimina yote kwenye rejeta.

Katikati ya mlima tutasimama, hata kama injini haijapata joto. Tutainua boneti na kukaa naye penye jiwe lake, na mwenye haraka atangulie kwa miguu.

Baba, mfuniko hatutaugusa mpaka injini ipoe. Pumzika, sisi tunakupandisha polepole.