Paa la Bai Tinko Halina Meno

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mkate lililofungwa zamani, enzi Profesa angali na nywele. Duka lilikufa, lakini mashine ya kahawa ilibaki pale ukutani, nayo inatutunza: unatumbukiza sarafu, inanguruma, inakupa kahawa nyeusi, na ikiamka vibaya inamwaga kahawa kwanza, kikombe kinafuata. Mimi ndiye Redio. Waliniita hivyo kwa sababu sijui kukaa na neno. Profesa alifundisha michezo shule ya msingi, na tangu hapo hakuna jambo asilolijua. Shangazi Pena alipika jikoni mwa shule hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna jambo la Profesa analoliamini. Wa nne ni Bai Tinko, tunamwita Bai kwa heshima ya umri, mwenye nyumba ng'ambo ya barabara, na asubuhi ile ya Agosti alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, hagusi kahawa, hali mbegu zake za alizeti, anakodolea macho paa lake lililovuliwa vigae. Juu ya paa alikuwapo Metodi, fundi, anatambaa kwa magoti.

— Metodi! Bai Tinko aliita. Umefika kwenye bomba la moshi?

— Nimefika.

— Ehee?

— Nimekuta kijiko, mpira wa tenisi, na kiota cha shomoro. Jino, hakuna.

— Hata moja?

— Bai Tinko, ningeliona ningelificha ili iweje?

Bai Tinko akavua kofia, akaifuta ndani, akaivaa tena. Nikajua hali ni mbaya.

— Hebu nielezeni mimi niliyechelewa, Profesa alisema akijisogeza kwenye benchi. Mzee anatafuta meno ya nani?

— Ya ukoo mzima, nikamjibu. Yule mjukuu wake wa Leeds, huko ughaibuni, Bilyana, si aling'oka jino? Jumapili, aliuma pichi, jino likabaki ndani ya pichi. Tangu siku hiyo kaliweka kwenye kisanduku cha kiberiti, analala nalo.

— Mbona halijatupwa juu ya paa?

— Hataki. Anasema kwao jino linawekwa chini ya mto, usiku anakuja kijimwanamke chenye mabawa, analichukua, anaacha sarafu.

— Ngoja, ngoja, Shangazi Pena alisema. Mtu mzima mwenye mabawa anaingia chumbani mwa mtoto usiku bila kubisha hodi, anabeba viungo vya mtoto, analipa, anaondoka? Na polisi wa huko wanajua?

— Wanajua. Hata wao wana watoto.

— Mungu wangu. Na sisi tunaonekana washamba kwa sababu ya kunguru!

Bai Tinko hakucheka. Alisema polepole, kama anajisemea:

— Nilimwambia, mjukuu wangu, katika nyumba hii jino anapewa kunguru. Unalitupa juu ya paa, unamwambia, shika kunguru jino la mfupa, nipe jino la chuma. Mama yako alitupa, mimi nilitupa, babu yangu aliyeijenga nyumba alitupa. Meno yetu sote yako juu pale. Akaniangalia, akasema, nionyeshe. Nikasema, sawa, Metodi anabadilisha vigae wiki hii, utayaona kwa macho yako. Basi la kuwarudisha linapita saa sita. Akipanda na kile kiberiti chake, ndiyo basi. Huyo si wetu tena. Atakuja kututembelea kama watalii wanavyotembelea monasteri.

Binti yake, Ginka, aliondoka na begi moja akarudi na mtoto asiyejua ni mlango gani wa nyumba unaogoma. Sote tuna mtu wa namna hiyo, na sote tunajua kinavyouma.

Profesa ndiye aliyeanza, maana kukaa kimya humletea vidonda vya tumbo.

— Ni mvua tu, alisema. Mvua inasukuma, jino linateremka, linaingia kwenye mfereji wa paa. Fizikia. Metodi! Angalia mfereji!

— Nimeangalia jana! Majani matupu!

— Basi ni panya. Panya anahitaji chokaa ya kuimarisha mifupa.

— Wewe ulifundisha watoto kuruka kamba, Shangazi Pena alimwambia. Panya waache.

— Meno ya watu watano sita ni kitu gani kwa panya?

— Watu watano sita? Shangazi Pena akaweka kikombe chini. Hebu fikirini. Sisi wa maghorofani tulikuwa tunatupa wapi?

Tukatazamana. Kweli bwana. Maghorofa yetu yana orofa nane na paa bapa. Hata mrusha mkuki asingefikisha jino kule. Mama Dafina wa ghorofa ya sita alijaribu kulirusha la mwanawe kutoka roshani kwenda juu, upepo ukalirudisha, likatua kwenye supu ya maharage ya majirani waliokuwa wanakula kwenye roshani ya chini. Mwenye supu alidhani ni lake, akakimbilia kliniki huku ameshika shavu. Baada ya hapo mtaa mzima tukawa tunawaleta watoto hapa, kwenye nyumba ya Bai Tinko, iliyo fupi na ina vigae.

— Mimi mwenyewe langu liko pale, nikasema. Yote yako pale.

— Na ya mwanangu Bogomil, Shangazi Pena alisema. Lile la kwanza alilimeza na dengu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mila. Alisema, halipotei hilo. Akamkalisha mtoto kwenye poti, akakaa pembeni na koleo la sukari, anasoma gazeti, anangoja. Siku ya kwanza bila. Ya pili bila. Mama mkwe akaleta plamu zilizokaushwa, ndipo mambo yakafunguka. Tukaliosha kwa brandi, tukaja nalo hapa tumevaa nguo za kanisani.

— Ndilo koleo lile unalotuwekea sukari tukija kwako? Profesa aliuliza.

— Nimelichemsha.

Profesa akasukuma kahawa yake mbali kidogo, ijapokuwa haikuwa na sukari. Kisha akakohoa.

— Kwa kuwa tunasema ukweli, alisema, hata mimi nina kitu changu pale juu.

— Sote tunacho.

— Si cha utotoni. Ni meno ya bandia. Ya juu, seti nzima.

Shangazi Pena aliziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

— Nilikuwa namfundisha mjukuu jinsi ya kurusha, Profesa alieleza kwa hasira. Mkono nyuma, kiwiko juu, unaachia ukiwa umenyooka. Mtoto anaogopa. Nikamwambia, tazama, hata babu anatupa. Nikayatoa. Nilitaka kujifanya tu! Lakini nimefundisha kurusha miaka yangu yote, mkono haujui kujifanya.

— Ndiyo maana ule mwaka ulikula uji mpaka Pasaka!

— Nilimwambia mke wangu nimefunga.

Tulicheka mpaka mashine ya kahawa ikaanza kunguruma yenyewe. Metodi alikuwa amesimama juu ya boriti, nyundo mkononi, anasikiliza. Hakuwa anacheka.

— Profesa, aliita. Seti nzima, umesema? Na ufizi wake wa waridi?

— Nayo hujaiona?

— Nimeinua kila kigae cha paa hili kwa mkono wangu. Kitu chenye ukubwa huo ningekikanyaga.

Kicheko kikatuishia. Mimi ni Redio, hushika neno lolote nikalitangaza kabla halijapoa, lakini hapo nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Nusu ya mtaa ilirusha meno pale. Wengine sasa ni mababu, wengine wako makaburini, wengine wanaendesha malori Hispania. Na juu ya paa kuna kijiko na mpira wa tenisi.

— Basi ni kunguru mmoja, Profesa alisema, safari hii kwa sauti ya chini. Mmoja tu, mzee sana. Wale wanaishi miaka mingi kuliko tunavyodhani. Anayakusanya.

— Na chuma anatoa wapi? nikauliza.

— Mmesahau kiwanda cha chuma kule bondeni? Mnadhani kwa nini kilifungwa? Kunguru alikuwa anabeba kidogo kidogo, kila jino linataka chuma chake, watoto walikuwa wengi enzi zile, chuma kikaisha.

— Kiwanda kilifungwa kwa sababu shemeji yako alikibeba kwa toroli, Shangazi Pena alisema. Lakini hata yeye hakumdhihaki sana. Alikuwa anatazama angani.

— Inawezekana hata ile seti anaivaa, Profesa aliongeza. Ndiyo maana siku hizi anaweza kupasua maganda ya njugu za jozi.

Bai Tinko alipiga goti lake.

— Ninyi mnaongea, na saa sita kasorobo imefika! Mtoto anatoka sasa hivi. Nimwambie nini?

— Usimwambie kitu, Shangazi Pena alisema. Nina kichwa cha mwana-kondoo cha supu, kiko kwenye friji. Metodi atateremka na meno mawili matatu mkononi, amepaka vumbi. Mtoto wa Leeds atajulia wapi?

— Pena, meno ya kondoo ni marefu hivi!

— Tutamwambia ni ya babu yako.

Bai Tinko akafikiria. Niliona anafikiria, na nilimhurumia, maana ni mtu asiyejua kudanganya hata kwenye karata. Kisha akatikisa kichwa.

— Hapana. Nikianza kwa meno ya kondoo, itakuwaje siku nitakapomwambia jambo lingine?

Mlango wa uani ukagoma, ukasukumwa kwa bega, ukafunguka. Bilyana akatoka amevaa koti la safari katikati ya joto lile, kiberiti mkononi, pengo mbele ya mdomo. Nyuma yake Ginka alikuwa anaburuta sanduku. Mtoto hakuja kwetu. Alisimama chini ya ngazi ya Metodi, akainua uso.

— Shikamoo, bwana fundi. Uliyaona?

Metodi alimtazama Bai Tinko. Bai Tinko akavuka barabara, akapiga magoti mbele ya mtoto, na magoti yale hayapigwi hivi hivi, yanalia.

— Hayapo, mjukuu wangu, alisema. Tumetafuta kote. La mama yako halipo, langu halipo, la mtu yeyote halipo. Hata jino moja. Nisamehe mimi babu yako.

Bilyana alifungua mdomo. Alitazama paa lote, kutoka upande huu mpaka upande ule, mbao wazi na jua juu yake.

— Yote ameyachukua kunguru? alinong'ona.

Jamani! Asubuhi nzima tumekaa pale kama kwenye matanga, watu wazima wanne na fundi, na hakuna aliyeona kwamba hilo ndilo jibu! Nilisimama bila kujua nasimama kwa nini. Profesa naye akasimama. Shangazi Pena akasema, “Ee Mama wa Mungu,” na akafanya ishara ya msalaba.

— Yote, Bai Tinko alisema. Ndiyo. Yote.

Mtoto hakuuliza zaidi. Alifungua kiberiti, akalitoa. Lilikuwa jino dogo ajabu, dogo kama punje ya mchele. Metodi akalala kifudifudi juu ya boriti apishe njia. Profesa akamwelekeza kwa upole ambao sikujua anao: mkono nyuma, kiwiko juu. Bilyana akasema yale maneno kwa aibu, mama yake akayarudia naye, na mara ya pili wakayapaza: shika kunguru jino la mfupa, nipe jino la chuma! Akarusha.

Tuliliona likipanda. Linang'aa, linapinduka, linapita ukingo wa paa. Tukangoja lile tiki la jino kutua juu ya paa, sauti ambayo kila mmoja wetu aliisikia utotoni. Barabara ilikuwa kimya kabisa, hata mashine ilikuwa imenyamaza. Tulingoja, na hatukusikia kitu.

— Metodi? Profesa aliuliza.

Metodi aliinua kichwa polepole. Uso wake ulikuwa mweupe.

— Halijafika huku, alisema.

Sikuona kunguru, na sitasema nilimwona. Anga lilikuwa tupu na la buluu. Lakini nimeishi mtaa huu tangu nizaliwe na sijawahi kuliogopa na kulipenda paa la mtu namna ile. Tulisimama tumeinua nyuso, na kwa muda ule nadhani kila mmoja wetu alikuwa ana miaka sita.

Bai Tinko alimnyanyua mtoto, akamzungusha, anacheka na kulia kwa pamoja, anamwambia Ginka, umeona, umeona, limepokelewa! Bilyana alimshika shingo, akamngoja atulie. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaka kujua njia:

— Babu, na hilo la chuma ataniletea huku, au kule kwetu?

Bai Tinko alimtazama Ginka. Ginka aliinamia sanduku, akaanza kufunga mkanda uliokuwa umeshafungwa. Shangazi Pena alimtazama Profesa, naye Profesa, mwenye jibu la kila kitu, akanitazama mimi. Basi lilipiga honi kwenye kona ya posta, na mtoto bado alikuwa anatungoja tumjibu.