Gerezani Si Pori: Dkt. Mwanne Idrisa Anatuaga

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Dkt. Mwanne Idrisa atarudisha ufunguo wa chumba namba saba baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Kituo chetu cha Utafiti wa Ikolojia. Alizaliwa Jumanne, ndiyo maana akaitwa Mwanne, na anastaafu Jumanne. Ni mtu wa tarehe. Mhariri wa jarida la Kituo ameniagiza niandike kwa uchangamfu, nami nimechangamka sana. Nafurahi kwamba ametuponyoka akiwa na akili zake timamu.

Alijiunga nasi mwaka 1993, wakati wenzake wakigombania kupangiwa mbugani. Kwetu hapa mtafiti wa wanyamapori hutambulika kwa kizibao cha khaki chenye mifuko kumi na minne, kofia yenye kamba ya kidevuni, na Land Cruiser. Ofisi yetu inatazamana na viwanja vya Mnazi Mmoja, lakini vizibao huvaliwa hata siku ya kikao cha bajeti, kana kwamba nyati anaweza kuingia ukumbini wakati wowote. Dkt. Mwanne alivaa baibui na raba, akavuka barabara kwa miguu, akaenda kuhesabu popo.

Ni popo wa matunda, wale wakubwa wenye sura ya mbwa. Kila mwaka walikuja kulala kwenye miti kumi na miwili ya mikungu iliyokuwa ndani ya ua wa karakana moja ya zamani kule Gerezani, mtaa aliozaliwa yeye, mtoto wa fundi wa reli. Utotoni aliponda kungu zilizodondoshwa na popo hao, akala viini vyake. Katika utumishi wake wote alitaka kitu kimoja tu: Kituo kiandike rasmi kwamba Gerezani kuna wanyamapori, ili ile miti isije ikakatwa bila mtu kuulizwa. Halikuwa ombi kubwa.

Aliwahesabu kwa tasbihi. Ya ibada alikuwa nayo nyumbani. Hii ya mbao aliinunua Kariakoo kwa ajili ya kazi, kila punje popo kumi. Akishaswali magharibi katika msikiti wa jirani, alisimama chini ya miti, popo wakitoka kundi kwa kundi, vidole vyake vikisogeza punje. Mwaka wa kwanza fundi mmoja alikwenda kwa mjumbe kushitaki kwamba kuna mwanamke anawasomea popo uradi. Wiki iliyofuata fundi yuleyule alimwendea kwa adabu zote, akamwomba amsomee na yeye kidogo, maana biashara ilikuwa ngumu.

Baadaye walimzoea, wakamwita Mama Popo. Mudi, muuza vipuri, alikuwa akimpokea getini: "Shikamoo Mama Popo. Leo wageni wako wamechelewa, foleni nini?" Candida, mama lishe wa pale karakana, alimwekea stuli yake. Miaka ambayo Kituo kilimlazimisha Daktari kukaa kwenye semina za kujifunza namna ya kuandaa semina, Candida aliandika kwa mkaa ukutani siku popo wa kwanza walipoonekana. Ukuta wa mama lishe huyo ulitunza takwimu vizuri kuliko idara yetu ya takwimu, ambayo kompyuta yake inasubiri fundi tangu sikumbuki lini.

Matokeo yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mwaka 1994 alihesabu popo elfu tisa na mia mbili. Mwaka 2023 walikuwa elfu mbili na mia nne. Zamani walifika wiki ya pili ya Septemba. Miaka ya karibuni walifika mwishoni mwa Oktoba, maana vuli imekuwa haieleweki, kungu zinachelewa kuiva, na miti ya Kariakoo waliyokuwa wakipitia imegeuzwa maghorofa. Wataalamu wetu wameandaa makongamano manne kuhusu mabadiliko ya tabianchi katika hoteli zenye viyoozi vya kutetemesha. Katika hayo manne, Dkt. Mwanne alialikwa moja, na alipewa kazi ya kugawa mafaili.

Sasa nije kwenye fomu. Utafiti wowote hapa huombewa idhini kwa fomu, na sehemu ya tatu inauliza: "Pori la utafiti." Mwaka 1996 Dkt. Mwanne aliandika: Gerezani. Fomu ikarudishwa na maneno haya kwa wino mwekundu: "Gerezani si pori. Jaza upya." Alijaza upya. Ikarudishwa. Hoja ya Kituo ilikuwa ngumu kama msumari: mnyamapori ni mnyama wa porini, mjini hakuna pori, kwa hiyo mjini hakuna mnyamapori. Wasomi wenye shahada tatu tatu walilikubali hilo, na popo elfu kadhaa walipita juu ya vichwa vyao kila jioni wakielekea kula. Fomu ilirudishwa mara kumi na moja. Mwandiko mwekundu katika zote kumi na moja ni wangu, mimi Theophil wa masjala. Niliambiwa nirudishe, nikarudisha, tena kwa mwandiko mzuri.

Juni 2024 barua ikaja. Mwenye ile karakana alitaka kukata mikungu apate pa kuweka makontena yanayotoka bandarini, na sheria ilimtaka atuulize kama eneo lina wanyamapori. Dkt. Mwanne alibeba daftari zake ishirini na tisa hadi ghorofa ya pili, akawaambia wakubwa kwamba mwezi huo popo hawapo, wasubiri Oktoba. Wakamshukuru. Kisha wakatuma timu ya vizibao vitatu, Juni hiyohiyo, saa nne asubuhi. Walitazama juu, hawakuona kitu, wakapiga picha, wakaandika: "Hakuna." Ni kama kukagua shule wakati wa likizo, halafu ukaripoti kwamba mtaa hauna watoto. Wakubwa walinituma nithibitishe kwenye masjala kama kuna utafiti wowote ulioidhinishwa kuhusu Gerezani. Nilijibu kwamba haupo. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na sitalisahau.

Miti ilikatwa Agosti. Candida alimpigia simu: "Daktari, njoo. Wameimaliza yote, hata ule wa jikoni kwangu." Mtu mwingine angeandika hapa kwamba alipokea habari kwa uvumilivu. Alilia. Alikaa kwenye stuli yake katikati ya visiki, akalia kwa sauti, na Mudi akafunga duka akasimama karibu yake.

Oktoba popo wakaja. Walizunguka karakana siku mbili, wakaning'inia kwenye nyaya, wengine wakafa kwa umeme. Waliobaki, mia sita hivi, walitafuta miti mingine mirefu ya karibu. Waliipata. Ni ile mitano iliyo kwenye maegesho ya Kituo cha Utafiti wa Ikolojia.

Hapo ndipo sayansi ilipoamka. Kinyesi cha popo aliyeshiba kungu hakitoki kirahisi kwenye rangi nyeupe ya Land Cruiser, na ndani ya wiki moja msafara wetu wote ulikuwa na madoa kama chui. Kiliitishwa kikao cha dharura. Mkuu mmoja, aliyewahi kuandika kwamba mjini hakuna kitu, alipiga meza: "Hawa wanyama wametoka wapi?" Wote wakamgeukia mama wa baibui aliyekaa karibu na mlango. Aliombwa afanye utafiti wa haraka. Alijibu kwa upole kwamba yuko tayari, ila utaratibu ni utaratibu: lazima ajaze fomu.

Aliijaza palepale. Kwenye "Pori la utafiti" aliandika: "Ofisi kuu, maegesho ya magari." Fomu ikapita mezani, wakubwa saba wakatia saini bila kusoma, ikapigwa mhuri. Ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa tangu aajiriwe. Siku tatu baadaye aliwasomea kanuni yao wenyewe: pakishaidhinishwa kuwa pori lenye wanyamapori, mti haukatwi. Magari yakahamishiwa juani, na yanaendelea kuchubuka huko mpaka leo. Miti mitano imebaki.

Katika sherehe ya kumuaga, Kituo kitampa picha kubwa ya simba katika fremu ya dhahabu. Simba! Kwa bibi ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, na ambaye hajawahi kumtafiti simba hata mmoja. Nafasi yake haitajazwa. Barua inasema kazi za chumba namba saba "hazina mwendelezo", na chumba kitakuwa cha kuhifadhia viti. Oktoba popo watarudi, na ikiwa hapatakuwa na mtu wa kuwahesabu, mwaka ujao kuna atakayesema hawapo, na atakuwa na barua ya masjala ya kuthibitisha.

Wiki iliyopita alishuka masjala kuniaga. Hakunisema. Angenisema ningejisikia nafuu. Aliweka daftari mpya na ile tasbihi ya mbao juu ya meza yangu, akauliza hali ya watoto, akapanda ngazi taratibu.

Dada Mwanne, ahsante kwa miaka thelathini na mitatu ambayo hatukustahili. Nenda kapumzike Gerezani kwenu, ukale kwa Candida, ukataniwe na Mudi, Mungu akupe afya na macho ya kutazama juu. Daftari nimeshaifungua. Palipoandikwa "Mhesabu" nimeandika Theophil. Nimejaza na fomu ya mwaka huu. Kwenye pori nimeandika Kariakoo yote, Gerezani ikiwemo. Usiwe na wasiwasi kwamba itarudishwa. Anayerudisha fomu ni mimi.