Hindi la Brashi

Benchi la Maximilla, muuza kahawa, lilikuwa chini ya ngazi za chuo cha kompyuta mjini Kakamega, na mwaka ule wa 1998 hakuna aliyepanda ngazi zile asisemwe. Andati aliijua hukumu ya benchi, maana alikuwa mwenzao. Miaka kumi na minane alikuwa ameandika mabango ya maduka kwa mkono, hata wakamwita Brashi. Wateja walipoanza kupeleka kazi zao Kisumu zikachapwe kwa kompyuta, naye akaanza kupanda kila asubuhi kujifunza kuchora kwa mashine, akifundishwa na Cherop, msichana wa rika la kifungua mimba wake. Ijumaa hiyo aliteremka na karatasi mbili, akaagiza kahawa, akazitandaza magotini. Kwenye moja kulikuwa na hindi dogo kama stempu. Kwenye ya pili, hindi lilo hilo, limejaa karatasi nzima.

— Wiki tatu, — alisema, akijikaza asitabasamu. — Ni la pakiti ya unga.

Fyuzi, fundi wa redio, alilikagua kama redio iliyoanguka majini.

— Wiki tatu hindi moja? Kwangu lingekuwa lishaota ndevu.

— Tazama kingo zake, bwana. Picha ya kawaida ukiikuza inachakaa. Hii hapana. Unaweka nukta hapa, nukta pale, mashine inaunganisha mstari, halafu unaupinda unavyotaka. Ukitaka hindi la kujaza ukuta, unalivuta tu.

— Bila kuharibika?

— Hata kidogo.

— Basi wewe ni mjinga, Brashi. Unavutia nini hindi? Vuta shamba! Baba alituachia robo eka, na tuko saba.

Lazarus, mwalimu mstaafu aliyeitwa Kamusi kwa kuwa alijua maneno yote, hasa yale yasiyokuwepo, aliweka kikombe chini.

— Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Yaani mashine haichokangi.

— Ndiyo maana yake hiyo, mwalimu? — aliuliza Fyuzi.

— Nimefundisha miaka thelathini, nikosee leo? Swali ni hili: nani anachoranga? Mashine inaunganisha, mashine inakuza. Amesema mwenyewe. Brashi amebonyeza tu.

— Nukta zote nimezipanga mimi, — alisema Andati. — Mia mbili na kumi.

— Na nani alikuonyesha pa kuziweka?

— Cherop.

— Basi amechora Cherop.

— Na Cherop alifunzwa na kitabu cha Mzungu, — Fyuzi akadakia. — Hindi ni la Mzungu! Atakuja kulidai, na unga wake.

— Haji ng'o, — alisema Kamusi. — Hamjasikia intaneti? Picha ikiingia humo inafika kila nchi. Saa hii kuna mtu Ulaya anasongea obusuma, ugali wetu, kwa hindi letu, sisi tunakunywa kahawa tupu.

— Kamusi, — aliuliza Maximilla akimimina, — wewe uliwahi kuigusa hiyo mashine?

— Si lazima niiguse. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyeelewa, lakini wote walitikisa vichwa kukubali.

Andati alicheka nao, kwani sheria ya benchi ni kucheka. Lakini kitu kilimchoma. Zamani hakuna aliyemuuliza nani kachora. Rangi kwenye kucha zake ilikuwa shahidi. Alizitazama sasa. Zilikuwa safi kama za karani.

Hapo akaja mwanamke mwenye gambuti zenye tope.

— Mulembe. Ni Awinja, wa kutoka Lugari. Nimefungua kinu cha unga, natafuta mchoraji.

Kabla hajajibiwa, jicho lake lilitua kwenye karatasi kubwa. Aliinama, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu wa punje.

— Hapa punje mbili hazipo. Hivi ndivyo mahindi yangu yanavyotokanga mvua ikikatika mapema. Picha nilizoletewa zote, punje zimepangwa kama meno ya bandia. Nani amelichora hili?

Fyuzi alimtazama Kamusi. Kamusi alichungulia kikombe chake, kana kwamba jibu limezama humo. Andati alifungua kinywa, akakuta kimejaa maneno ya wenzake: mashine, Cherop, Mzungu.

— Haya, nitauliza huko juu, — alisema Awinja, akaanza kupanda.

Alikuwa ngazi ya tano Andati aliporuka. Kahawa ilimwagikia mapaja ya Kamusi.

— Mama! Hizo punje mbili nimeziondoa mimi! Mwalimu wangu aliniambia nizirudishe, nikakataa!

Awinja aligeuka.

— Ulikataa kwa nini?

— Sijawahi kuona hindi la kwetu lililojaa lote.

Mwanamke akasogea kando ya ngazi kumwachia nafasi.

— Panda basi, tuongee.

Andati akapanda, karatasi kifuani. Chini, Kamusi alikuwa akijipangusa suruali, akitafuta methali.