Cheo cha Sheikh wa Harusi ya Afnan

Benchi lile la Tottenham, mbele ya saluni ya Emérence, ni mali ya halmashauri, lakini wenyewe wanajulikana. Yupo Muhiddin wa Unguja, Redio Mbao, maana habari zote anazo na iliyothibitishwa hana hata moja. Yupo Jean wa Bukavu, Protokoli, aliyewahi kumfungulia gavana mlango wa gari mara moja tu, na mpaka leo hajanyamaza. Na yupo Kamal Mizani, muuza mchele, mzaliwa wa Mwanza, ambaye Jumamosi hiyo alikaa na suti mpya na kikombe cha kahawa mkononi. Alasiri binti yake Afnan anaolewa na kijana wa Kiirani, na Kamal ndiye wa kumkaribisha kwenye kipaza sauti sheikh kutoka Irani atakayefungisha ndoa. Cheo cha sheikh hakijui. Akikosea, kamwaibisha mwanawe mbele ya wakwe.

— Ni Ayatollah huyu, au Hujjatul-Islam, wa chini yake? Ukimpandisha ni kejeli, ukimshusha ni tusi. Nimekwisha mimi!

— Kilemba rangi gani? — Redio Mbao alidakia.

— Kwenye picha, cheusi.

— Basi Sayyid huyo, wa ukoo wa Mtume. Tumemaliza, mimina kahawa.

— Ukoo si cheo, bwana! Hata mwanafunzi akiwa Sayyid anavaa cheusi.

— Basi tazama ndevu. Zikifika kifuani, Ayatollah. Zikifika kitovuni, Ayatollah Mkuu.

— Picha imeishia shingoni, — Kamal alisema kwa huzuni.

Protokoli alikohoa kama mtu anayetaka kuhutubia.

— Miye nasema, umuite vyote! Kwetu Bukavu mukubwa akiingia tunaanza na Excellence, tunapita kwa Honorable, tunamalizia na Papa. Hakuna mutu alishakasirika juu ya sifa mingi.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji!

— Tembo tena, Muhiddin? Kwenye ndoa ya sheikh?

— Methali haina dini, yakhe. Sikiliza. Vyeo vile hupandishwa na watu. Wewe muite Ayatollah kwa sauti. Akiitika, kapanda! Umempandisha wewe, hapa hapa Tottenham.

— Na asipoitika?

— Hapo umemshusha.

Kamal alifuta jasho, ingawa hapo nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Alikumbuka Afnan alivyomfunga tai asubuhi, akamwomba afupishe maneno: "Dad, please, just keep it short." Mtoto anamwogopea baba yake. Hilo ndilo lililomuuma.

Kando yao alisimama Hemali, mama wa Kisumu aliyekuwa akingoja basi. Masikio yalikuwa yamemchoka.

— Samahani, kaka zangu. Huyo sheikh anaitwa nani?

Redio Mbao akatazama viatu vyake. Protokoli akatazama ndani ya kikombe. Kamal akajishika kichwa. Wiki nzima kahangaika na vyeo, jina hakuwahi kuuliza!

— Si umpigie mkweo? — Hemali alisema, akapanda basi lake.

Kamal alipiga simu, akafungua spika wote wasikie. Mkwe, baba wa kijana, alijibu kwa Kiingereza cha haraka: wao miaka yote humwita Haj Agha tu, yaani Bwana Haji. Jina kamili? Hebu ngoja, yupo hapa hapa anakunywa chai. Kabla Kamal hajakata simu kwa woga, sauti nzito ya mzee ilisalimia.

— Sheikh wangu, — Kamal alisema, — leo nikutambulishe kwa cheo gani?

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

— Nyumbani kwangu mimi ni baba yake Nasim. Mwaka jana nilimwoza binti yangu huyo, nikalia mbele ya watu mpaka kilemba kikalegea. Wewe ni baba yake Afnan, sivyo? Basi leo tuitane hivyo. Na ukilia, usione haya.

Kamal alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Alhamdulillahi! Akacheka, na papo hapo machozi yakamtoka. Hakuna aliyemtania.

— Bila hata Excellence moja? — Protokoli alinung'unika.

Redio Mbao aliinamisha chupa ya kahawa. Tone halikutoka.

— Niacheni niende, — alisema Baba Afnan, akainuka. — Mwanangu ananingoja.