Wote Walifuata Gitaa Lake: Maisha ya Mzee Ildephonse Habonimana (1962–2025)

Ndugu waombolezaji, wengi wenu mmeshasikia wasifu mwingine wa marehemu kabla ya huu. Ulianzia dirishani kwa jirani yetu Mama Chibalonza, hapo mtaani kwetu Blacktown, ukapita kanisani, ukafika mpaka duka la Wakongo. Ulisema kwamba Mzee Ildephonse amerukwa na akili, wanawe wamemkimbia, na mchana akibaki peke yake anang'ata gitaa. "Kwa macho yangu haya," alisema Mama Chibalonza. "Analing'ata kichwani kama muwa!" Mama yupo hapa leo, na wali tutakaokula amesaidia kupika, Mungu ambariki. Hakusema uongo. Mzee aling'ata gitaa. Ila sababu hakuiuliza mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1962 huko Makamba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi, alikimbia mauaji, akavuka kuingia Tanzania ameshika upindo wa kitenge cha mama yake. Walipelekwa makazi ya Ulyankulu, Tabora, na hapo akasoma shule ya msingi mpaka darasa la saba. Mwalimu wake alikuwa na redio kaseti na kanda moja tu ya muziki wa kantri wa Wazungu. Ildephonse hakuelewa neno hata moja. "Nilijua tu kwamba huyu mtu yuko mbali na kwao," alituambia. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa dumu la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya mjomba wake. Alichapwa, lakini gitaa hakulifumua.

Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa Marie-Jeanne Nahimana, mwimbaji wa kwaya. Walirudi Makamba mwaka 1989, na mwaka 1993 wakakimbia tena, safari hii mpaka kambi ya Mtabila, Kasulu. Mungu aliwapa watoto watatu: Fiacre, Diane, na Ishmael ambaye ni mume wangu.

Bendi ya familia ilizaliwa Mtabila, chini ya turubai. Hapakuwa na kinanda wala kifaa cha kupimia sauti, kwa hiyo Mzee aliweka sheria moja: kabla ya kupiga, kila mtu analeta chombo chake mbele ya gitaa la Baba na kukifuatisha nalo, uzi kwa uzi. Hata Mama Marie-Jeanne alisimama kwenye foleni hiyo na sauti yake, akiguna mpaka mumewe aitikie kwa kichwa. Krismasi moja joto lililegeza nyuzi, na Fiacre, mdogo bado, akamnong'oneza baba yake, "Papa, leo tuko chini."

"Tuko chini wote?"

"Ndiyo, wote."

"Basi piga. Tukikosea wote sawasawa, nani atajua?"

Tarehe 14 Septemba 2007 familia ilifika Sydney, Australia. Mwaka uliofuata Mzee alipata kazi kwenye kiwanda cha kukata mabati, Wetherill Park, akaifanya mpaka 2019. Walimpa vya kuziba masikio, yeye akavivaa shingoni. Haukuwa ujeuri. Mashine yake ililia noti moja kutwa nzima, ile aliyoiita sol, na yeye alitunga nyimbo akiimba juu yake. Alisema amepata mpiga besi asiyechoka wala kuomba chai. Msimamizi akipita, Mzee anaviweka masikioni. Msimamizi akiondoka, anavishusha. Akitusimulia jioni tulicheka sana. Tulikuwa tunacheka masikio yake yakifa.

Lakini siku nzuri zilikuwepo, na nisipozitaja nitamwonea. Wanabendi walinunua kofia pana kwenye duka la mitumba na watu wakawaita "wale wa kofia." Walipiga harusi, ubatizo, na sherehe za Wakenya, maana Wakenya kwa kantri hawana mchezo. Bwana Mugambi, ambaye ni nesi, alilia kwenye harusi ya mdogo wake mpaka bibi harusi akauliza kama ndoa ina matatizo. Kwenye klabu za wazee wa Kizungu, watu walianza kwa kucheka zile kofia wakamaliza wakicheza. Mwaka 2014 walitoa CD yao, *Nyumba ya Turubai*. Nyimbo zote zilitoka kwenye mashine ya mabati.

Mama Marie-Jeanne alituacha tarehe 3 Mei 2018 kwa kansa. Baada ya hapo gitaa la Mzee likaanza kushuka. Sote tulisema ni majonzi. Baadaye wanawe wakasema ni uzee, halafu wakasema ni ubishi.

Januari 2023 bendi ilialikwa kwenye tamasha kubwa, mji mmoja wa mashamba, mbali na Sydney. Nyuma ya jukwaa Mzee alikaa na gitaa lake, akisubiri foleni. Haikuja. Fiacre alikuja na kile kidude cha plastiki kinachobandikwa kichwani mwa gitaa, kinawaka taa ya kijani ukipatia.

"Papa, tumia hii. Haidanganyi."

"Na mimi nadanganya?"

Diane akasema, "Papa, you're flat. Everybody can hear it."

"Sema Kiswahili, binti yangu."

"Gitaa lako liko chini, Papa. Watu wanasikia. Tunaaibika."

Mzee alikibandua kile kidude akamrudishia Fiacre mkononi, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Wakapanda. Wimbo wa kwanza ulipoisha, Fiacre alimpa fundi mitambo ishara ya mkono, na fundi akazima laini ya gitaa la Mzee, lisitoke kwenye spika. Walipiga nyimbo zote zilizobaki hivyo. Mzee alipiga kwa moyo wote, akaweka madoido yake, akavua kofia, akainama kwa makofi. Hakuna aliyemwambia kitu. Njiani kurudi alinunulia kila mtu aiskrimu.

Mume wangu amesoma habari hiyo kabla sijaja nayo hapa. Nilimuuliza, "Niitoe?" Akasema, "Iache."

Mwezi uliofuata bendi ilianza kupiga bila yeye, kwa jina lile lile. Walitangaza kwamba Mzee amestaafu. Yeye alitangaziwa kwa ujumbe wa simu.

Alikuwa ameshahamia kwetu. Siku moja mchana nilikuwa namlisha mwanangu Jeanne, Mzee akaniletea simu yenye video ya tamasha.

"Mama Jeanne, niwekee sauti."

"Sauti ipo, Baba. Iko mwisho."

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Kisha akaibana kwenye meno, akafumba macho. Wimbo ukacheza mpaka mwisho, mtoto akimshangaa babu yake.

"Fiacre namsikia," alisema. "Diane namsikia. Mimi niko wapi hapa?"

Nilimjibu ukweli. Ilibidi nimwandikie, maana habari ilikuwa ndefu na kwa mdomo hakuipata yote.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema masikio yameharibiwa na kelele, na kwamba kwa miaka mingi Mzee alikuwa anasoma midomo ya watu. Nyimbo alizipata kwa meno: ukibana mbao ya gitaa, sauti inapita mfupani. Ndicho alichokiona Mama Chibalonza dirishani. Kinyozi wake alijua kwamba hasikii. Sisi wa nyumbani, wanamuziki, hatukujua.

Watoto wake niliwaambia. Diane alilia akakata simu. Fiacre alisema, "Angetuambia." Nikamwuliza, "Angewaambia nini, shemeji? Kwamba mmtoe mapema?" Tangu hapo aibu ikawafanya waje mara chache zaidi. Mzee alinyoa kila Jumapili, akavaa kofia, akakaa na gitaa mapajani. Jioni akaivua.

Sukari ilimsumbua tangu 2020, na mwishoni mwa 2024 figo zikashindwa. Alilazwa tarehe 22 Mei mwaka huu. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitatu. Fiacre alikuwa kwenye treni akija.

Marehemu ameacha watoto watatu, Fiacre, Diane na Ishmael, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wao akiwa Jeanne, na dada yake Bi Emerance, ambaye ukoo huu ulinipa jina lake wakati wa harusi yangu, aliyeko Kasulu na anatufuata kwa simu sasa hivi. Mola ampumzishe mahali ambapo kila mtu anasikia mwenzake.

Kwenye programu mliyoshika, baada ya wasifu imeandikwa kwamba bendi itapiga. Vyombo naviona pale, na vile vidude vya taa ya kijani naviona. Mnaona pia gitaa la Mzee kwenye kiti cha mbele. Nimelileta mimi, kwa sababu wiki yake ya mwisho aliniomba jambo. Alikuwa hana nguvu ya kuandika wosia, akanishika mkono, akaniambia hivi:

"Mama Jeanne, siku yangu wanangu watataka kupiga. Wasizuiwe. Ila uwaombe, mbele za watu, ili wasibishe: uzi wa gitaa langu usikazwe hata mmoja. Liko chini, najua. Waje kwenye foleni, Fiacre kwanza, kama Mtabila. Wimbo mmoja tu, wafuate la kwangu lilivyo. Halafu wakapige wanavyotaka."