Oke ya Mke wa Kufuli

Mimi nauza kahawa, sina tabia ya kuchungulia simu za watu. Lakini asubuhi ile simu ya Kufuli, fundi wetu wa vitasa, ilizunguka benchi langu kuliko vikombe. Wiki iliyopita alifunga kitasa kipya mlangoni kwake bila kumwambia mkewe. Mama wa watu katoka kazini, ufunguo hauingii, kanyeshewa kibarazani mpaka jioni. Bwana aliporudi akamcheka! Mke akafunga virago, akaenda kwa mama yake. Jana benchi zima tukamtungia Kufuli ujumbe wa kumrudisha. Jibu likaja neno moja: oke.

— Neno moja! Kufuli alilalama. Na ujumbe wote ule! Hapa pana jambo.

— Tena Kizungu, akasema Meneja, ambaye ni mlinzi wa ghala ila havui tai. Mke akikasirika kwa lugha ya nyumbani, utambembeleza. Akihamia Kizungu, jua ameshapata mshauri.

— Mshauri gani?

— Nimesema mshauri. Sijasema mwanamume.

Kufuli akatua kikombe.

— Tulieni, akasema Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha hata kuku. Tutafute asili ya neno. Oke ilianzia bandarini. Mkaguzi akimaliza kukagua sanduku, anaandika oke ubavuni. Maana yake limefungwa, lisiguswe tena.

— Kwa hiyo ndoa yangu imefungwa?

— Sanduku ndilo limefungwa. Ndoa imo ndani.

— Mwongo huyo! akadakia Bi Sindano, nesi mstaafu. Oke ni ya wanajeshi. Wakirudi kutoka vitani wazima wote, wanaandika oke. Yaani hakuna maiti.

— Afadhali, Bibi.

— Afadhali ya nini? Hakuna maiti *bado*.

Na mimi, shetani kanipitia, nikasema nilivyosikia: kulikuwa na hakimu mvivu, kila hati ya talaka anaiandika neno moja tu, oke, anakwenda zake kulala.

— Wewe mimina kahawa! Kufuli akanifokea.

— Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, Meneja akatikisa kichwa.

— Lakini hajanyamaza. Kajibu.

— Basi kimya kidogo. Ndicho kibaya zaidi.

Profesa akataka tusikie tena ujumbe wetu, tuone kama kosa ni letu. Kufuli akasoma: "Mke wangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wasalaam."

— Hapo kwenye ngamani ni pangu, akasema Bi Sindano kwa fahari. Jamani, huyo mwanamke ana moyo wa jiwe.

Tukakubaliana wote kwamba ana moyo wa jiwe.

Ndipo akatokea binti anasukuma mkokoteni mtupu. Dada mdogo wa mke wa Kufuli.

— Shikamooni. Shemeji, dada kanituma nichukue cherehani yake.

— Si mnaona! Meneja akaruka. Oke hiyo!

Kufuli akasimama, macho mekundu.

— Shemeji, usinifiche. Nani anamshauri dada yako? Ile oke ina maana gani?

Binti akatutazama mmoja mmoja.

— Mimi ya oke siyajui, shemeji. Kwani ule ufunguo wa kitasa kipya umeshampa?

Profesa akachungulia machicha ya kahawa. Bi Sindano akakohoa. Meneja akarekebisha tai.

Kufuli akapapasa kiunoni, kwenye lile shada lake la funguo. Zilikuwapo mbili mpya, bado zimefungwa pamoja kwa waya wa dukani.

— Mungu wangu, akasema taratibu. Mpaka leo nimemfungia nje.

Akaung'ata ule waya kwa meno mpaka ukakatika.

— Shemeji, mkokoteni uache hapa. Twende.

— Ngoja kwanza! Profesa akapaza sauti. Ukifika utamwambiaje? Tukupangie maneno!

Kufuli hakugeuka. Alishavuka barabara, ufunguo mmoja kaushika mkononi.