Mama Jarida na Hadithi Yake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyethubutu kumkatiza akizungumza.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Jarida, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, binti wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, akafundisha darasa la kwanza mpaka sauti ikamkauka.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1975 na mpiga chapa, shemeji yetu huyu hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1983, katika chumba cha nyuma ya mtambo wa shemeji, akaanzisha jarida la kimataifa la fasihi ya watoto, lililopokea hadithi kutoka nchi za mbali, likazitafsiri, likazirudisha kwao zikiwa zimepata wenzao.

Sheria yake ilikuwa moja, hadithi isomwe kwa sauti, watoto wakiwa mkekani, na mtoto mmoja akinyanyuka kabla ya mwisho, imekataliwa, hata mwandishi awe profesa, na maprofesa, jamani, walinuna! Mwaka 1986 alileta hadithi yake mwenyewe, akaisoma, na kitinda mimba wake akanyanyuka akaenda kucheza na paka. Wahariri wenzake walimbembeleza, wakasema mtoto ni mtoto, naye akawajibu kwamba sheria ni msumeno, akaifungia kabatini. Ilimuuma, alikuja kulia kwangu.

Figo zilipoanza kumsumbua mwaka juzi, akalazwa hospitali ya wilaya, aliagiza aletewe hadithi ile, akaiandika upya kitandani, akatuusia isomwe kwa sheria ileile, tena tusimpendelee eti kwa sababu amekufa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi mliovumilia makaratasi yaliyotapakaa wodini, wahariri wenzake mliolishika jarida alipokuwa hayupo, na majirani mliotuazima viti, mikeka na watoto wenu.

Maana jana jioni tuliwakalisha watoto hao pamoja na wajukuu, nikaisoma mimi, nikijua kwamba ikikataliwa tena tungemzika nayo. Paka alipita, wakamtazama, wakarudi kusikiliza. Kitinda mimba, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alikaa ukingoni mwa mkeka, machozi yakimtoka, mpaka neno la mwisho, na hakunyanyuka.

Pumzika kwa amani, dada, imepita.